Mbegu, Roboti na Ujira wa Mchukuzi

 

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Kisauni aliyeolewa Kericho, ametuandikia barua yenye maswali mawili. Mwanawe wa Gredi ya 6 amerudi nyumbani na kazi ya shule: aunde roboti ndogo kwa vitu vilivyotupwa, kisha aitumie kuwaeleza wenzake jinsi mbegu zinavyosambaa. Mtoto amefurahi hata usingizi hana, na baba yake amekubali kuitoa redio ya kaseti iliyokufa zamani. Aliyekataa ni mavyaa. Mama huyo alichuma chai kwa miaka mingi, mpaka siku alipoambiwa kwamba mashine imechukua nafasi yake, na sasa ametangaza kuwa roboti haitaundwa nyumbani mwake. Dada anauliza: amsikilize mwalimu au amsikilize mavyaa? Na la pili, kwa kuwa mtoto anataka roboti yake iwe na sura ya ndege, je, jambo hilo linafaa katika dini?

Swali la pili ni jepesi, nitalijibu mwisho. La kwanza linahitaji subira ya msomaji, kwa maana mavyaa amegusa jambo ambalo huenda mwalimu hakulifikiria alipotoa kazi ile.

Sisi wa pwani tunainywa chai asubuhi na jioni, kwa iliki na tangawizi, na wengi wetu hatujapata kuuona mchai. Kericho na Bomet ni vilima juu ya vilima vilivyofunikwa kijani kimoja, kama busati lililotandikwa na kukatwa kingo. Mchai ukiachwa huwa mti. Pale hupogolewa ukabaki kimo cha kiunoni, na kila baada ya siku chache hurudi mtu kuchuma majani mawili na chipukizi lake. Kwa takriban miaka mia moja mtu huyo alikuwa na mikono na kikapu mgongoni, na mara nyingi alikuwa mwanamke. Siku hizi katika mashamba makubwa imeingia mashine inayokata uso mzima wa shamba kwa mkupuo, na inafanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Mei 2023 hasira zilifurika: waandamanaji walizichoma moto mashine kadhaa huko Kericho, na vurugu zile zikaleta majeruhi na msiba. Kuchoma mali ya mtu si njia yetu, na anayeifuata njia hiyo hujidhulumu mwenyewe kwanza. Lakini asiyeuliza kwa nini mama wa watoto watano alifika pale na kibiriti, huyo naye hajatenda haki.

Basi mtoto wa Nairobi akiambiwa neno roboti, hukumbuka katuni. Mtoto wa Kericho hukumbuka nyanya yake akirudi nyumbani saa nne asubuhi, kikapu kitupu.

Sasa tuje kwenye mbegu, kwa sababu jawabu la swali hili nimeliona humo humo kwenye mbegu.

Mti hauna miguu. Mbegu ikianguka chini ya mama yake hukuta kivuli, hukuta mizizi iliyokwisha kutangulia kunywa maji, na hukuta wadudu na maradhi waliozoea aina ile. Kwa hiyo ni lazima isafiri. Mola wetu, ambaye katika Suratul An'am, aya ya 95, anajitambulisha kuwa ndiye mwenye kupasua punje na kokwa, ameipa kila mbegu chombo chake cha safari. Watoto wetu wa pwani wanavijua vyombo hivyo bila kuambiwa. Nazi huelea baharini kwa makumbi yake. Tunda la mkoko huchipua lingali limening'inia kwa mama, kisha hudondoka na kuchukuliwa na maji hadi kwenye tope jingine. Msufi hupasua maganda yake wakati wa kiangazi, na upepo ukaondoka na sufi pamoja na mbegu zake.

Huko bara kwenye chai hakuna bahari, lakini safari ni zile zile. Mgrivilea uliopandwa mipakani mwa mashamba una mbegu nyembamba zenye ubawa, upepo ukizishika huzipeleka. Mbarika, ambao hata sisi tunao, hukausha matunda yake mpaka yakapasuka kwa mlio na kurusha mbegu pembeni. Kishona nguo, lile gugu ambalo kila mama aliyefua sare za shule analijua, lina vijiti vyenye meno, hujishikiza kwenye soksi, kwenye kanzu na kwenye manyoya ya mbuzi, likafika lisikoalikwa. Mapera huliwa na ndege, popo na nyani. Na katika msitu wa Mau, unaopakana na mashamba ya chai, hondohondo humeza tunda zima, huruka nalo, kisha akatua kwenye mti mwingine na kuidondosha mbegu hapo. Mtu akisimama chini ya mti anapotua hondohondo atakuta mbegu za miti isiyokuwapo jirani.

Hapa naomba dada yetu amsomee mavyaa wake taratibu. Wachukuzi hawa wa mbegu wako wa namna mbili. Kuna wanaochukua bila kujua na bila kupata chochote: upepo, maji, na soksi ya mtoto. Na kuna wanaolipwa. Hondohondo hachukui mbegu bure. Amelipwa nyama ya tunda. Hata sisimizi ana ujira wake: mbegu ya mbarika ina kijinundu laini chenye mafuta, sisimizi hukipenda, huiburuta mbegu hadi shimoni, hula kile kijinundu na kuiacha mbegu nzima ardhini. Mti, ambao hauna akili wala hauandiki mkataba, umejaaliwa kumlipa mchukuzi wake kabla hajaondoka na mzigo.

Na mchai je? Mchai ni kisa cha pekee. Mbegu yake ni nzito, ya mviringo, yenye mafuta, inakaa ndani ya tunda gumu linalochukua karibu mwaka mzima kukomaa. Haina ubawa wala nyama ya kumpa ndege. Likipasuka tunda, mbegu huanguka pale pale, na ikikauka sana hufa. Aliyeusafirisha mchai ni mwanadamu. Uliletwa Limuru mwaka 1903 kutoka India, na katika miaka ya 1920 makampuni ya Waingereza yakaanza kuupanda kwa wingi Kericho, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis waliondolewa. Siku hizi hata hiyo mbegu haitumiki sana: michai mipya hutokana na vipandikizi, kijiti kifupi chenye jani moja, kikatiwa kutoka mchai uliochaguliwa. Kwa hiyo mtoto wa Kericho anaweza kukua amezungukwa na mmea mmoja hadi upeo wa macho, asiwahi kuiona mbegu yake hata siku moja. Mwalimu aliyechagua somo la mbegu mahali kama pale amefanya jambo la maana, na ningemwomba awatafutie watoto tunda moja la chai walipasue kwa mikono yao.

Tuingie katika ufundi, kwa kuwa najua kina mama wanaosoma ukurasa huu watataka kujaribu likizo ikifika, wawe Bomet au Lamu.

Vinahitajika vitu vichache: mota mbili ndogo, ambazo hupatikana ndani ya redio za kaseti na magari ya kuchezea yaliyovunjika, betri za kawaida za tochi, vipande vya waya, kadibodi, vizibo vya chupa vya plastiki viwe magurudumu, vijiti vya mishikaki viwe ekseli, raba ya kufungia noti, mkebe mdogo, na karatasi ya foili. Mota ya kwanza huzungusha ekseli kwa kupitia ile raba, na gari likaenda. Mota ya pili husimamishwa wima, kizibo kikabandikwa juu ya ncha yake kifudifudi, na juu ya kizibo ukaning'inizwa mkebe wenye tundu dogo. Tia mtama ndani ya mkebe. Kizibo kikitulia, mtama hujirundika na kuziba tundu. Kikizunguka, punje hurushwa pande zote.

Mpaka hapo tumeunda gari, bado si roboti. Roboti kwa wenye fani hiyo ni chombo kinachohisi, kikaamua, kikatenda. Kwa hiyo bandika vipande viwili vya foili mbele ya gari, kimoja kikiwa juu ya kadibodi inayonepa, na uviunganishe na waya za ile mota ya pili, visigusane mpaka gari likigonga kitu. Likigonga, foili hugusana, saketi hujifunga, kizibo huzunguka na mbegu humwagika. Sasa simamisha chupa iliyojaa mchanga katikati ya uwanja na uite mti. Roboti inatembea haitoi kitu. Ikifika mtini inadondosha mbegu. Ndivyo afanyavyo hondohondo.

Tandika leso kuukuu kuzunguka chupa ile ili punje zionekane. Mtoto ahesabu punje 50 kabla ya kuanza, kisha apime kwa hatua za unyayo wake: ngapi zimeanguka ndani ya unyayo mmoja, ngapi ndani ya miwili, ngapi zimevuka leso. Aandike. Kisha arudie kwa mbegu ya karatasi yenye ubawa aliyoidondosha kutoka juu ya kiti, na tena kwa kuifunga soksi ya zamani nyuma ya roboti na kuiburuta juu ya kishona nguo kilichokauka. Katika maumbile, mbegu nyingi za mti huanguka karibu na mama na chache tu hufika mbali, na hizo chache mara nyingi ndizo zinazouhamishia ukoo mahali papya. Kama roboti yake imerusha kinyume na hivyo, asifute hesabu ili ilingane na kitabu. Aulizwe kwa nini imekuwa hivyo, na apewe muda wa kufikiri.

Tahadhari mbili tatu. Betri bapa ndogo kama kitufe zisiingie mchezoni, kwa sababu mtoto akiimeza huweza kumchoma koo na kumwua. Na betri ya simu isitobolewe kamwe. Mbegu za mbarika zina sumu kali, zitazamwe kwa macho tu. Kishona nguo zikusanywe zote baada ya jaribio. Kumpandia jirani magugu shambani mwake kwa jina la elimu ni dhara, na dhara haina ruhusa.

Iko roboti nyingine ambayo haina betri wala mota. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walieleza katika jarida la Nature kifaa walichokiunda kwa ubao mwembamba wa mwaloni. Kina mikia iliyosokotwa. Mvua ikinyesha, mikia hujikunjua na kujisokota, na mbegu iliyofungwa kwenye ncha ikajichimbia udongoni. Waliiga mmea uitwao Erodium. Lakini hata nyasi za mbugani, Bomet kunakoelekea Mara, zimo zenye mbegu ya mkia kama huo, hujizungusha zikilowa. Mwambie mtoto azitafute, aziweke kwenye kiganja na kuzidondoshea tone la maji. Ataona kitu ambacho mafundi wa Marekani walikihangaikia, nacho kiko njiani kwao kila siku.

Wako watakaosema kwamba mambo ya roboti ni ya wazungu, na mtoto wa madrasa yana nini naye. Hao hawajasikia habari za al-Jazari, fundi Mwislamu wa Diyarbakir, aliyekamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha vyombo vya hila. Alieleza humo saa yenye umbo la tembo, na vyombo vya maji ambavyo sanamu hutokeza yenyewe kumhudumia mtu anayenawa. Inasemekana kimojawapo alikiunda kwa sababu mfalme wake hakupenda mtumishi amwagie maji ya udhu. Msomaji makini atauliza, kama ninavyouliza mimi: na yule mtumishi alipewa kazi gani?

Hilo ndilo swali la mavyaa. Anachokataa si mota na vizibo. Anauliza kuhusu ujira, na ana haki ya kuuliza. Hondohondo analipwa tunda, sisimizi analipwa mafuta, mchumaji alikuwa akilipwa kwa kilo. Roboti haili. Ikifanya kazi ya watu, ule ujira haupotei hewani. Unakwenda kwa mtu fulani, na ni wajibu kumjua ni nani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mashine haitoki jasho, na hapo ndipo mwenye mali huweza kudhani kwamba hadaiwi. Mimi naona anadaiwa: na wale ambao mikono yao ilitunza michai ile miaka 20 au 30, kwa kuwafundisha kazi nyingine, kwa kuwapa wao na watoto wao nafasi ya kwanza kuziendesha na kuzitengeneza hizo mashine, na kwa kutowaondoa nyumbani siku moja kama vumbi. Na nasema watoto wao, wa kike na wa kiume. Serikali kupitia Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mwaka 2022 silabasi ya kuwafundisha wanafunzi usimbaji wa kompyuta. Ikiwa binti ya mchuma chai atazuiliwa kuishika roboti kwa kuwa iliitwa adui wa nyanya yake, basi mashine zijazo zitaundwa na watoto wa watu wengine, na nyanya huyo atakuwa amepoteza mara mbili.

Kwa hiyo, dada yangu, sioni kwamba unalazimika kumchagua mmoja kati ya mwalimu na mavyaa. Mheshimu mama wa mume wako kama unavyomheshimu mama yako. Usimfiche wala usiiunde roboti usiku akiwa amelala. Nenda naye mezani. Mwambie mtoto amwombe nyanya amfundishe ni matunda gani ndege wa msituni walikuwa wakiyala alipokuwa msichana, ni gugu gani lilimshona gauni akienda kazini, na kwa nini mkono uliozoea hulijua jani la kuchumwa na jani la kuachwa, ilhali wembe wa mashine hukata vyote kwa kimo kimoja. Hayo hayamo katika kitabu cha shule. Na siku ya kuionyesha roboti darasani, baada ya kueleza mota na saketi na hesabu ya punje, mtoto aseme kazi hii hufanywa na nani msituni, na mchukuzi huyo hulipwa nini. Mwalimu mwema atafurahi. Asipofurahi, si neno.

Mbegu zilizobaki, kama ni za miti ya asili, zipandwe pembeni mwa uwanja wakati ardhi imelowa, na Kericho haikosi mvua ya alasiri. Imepokewa kutoka kwa Anas, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake. Na mtoto akijivunia kwamba roboti yake imepanda, mama amsomee Suratul Waqi'ah, aya ya 63 na 64, pale tunapoulizwa kuhusu tunachokipanda, ni nani hasa anayekiotesha.

Nakuja kwenye swali la pili. Wanazuoni wamekuwa wakali katika sanamu za vitu vyenye roho, na ukali huo una sababu zake. Lakini vitu vya kuchezea watoto wengi wao wamevitoa katika katazo hilo, na hoja yao ni Bibi Aisha, Mungu amwie radhi. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao mlikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwuliza ni kitu gani hicho, na farasi tangu lini akawa na mbawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumwuliza kama hakusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Mwache mtoto aiwekee roboti yake mdomo wa hondohondo.